Uliza kisa, usiulize alama: mwongozo kamili wa kujifunza uuguzi kutoka kwa wagonjwa wa sonona

Wauguzi wengi wameniletea karatasi za aina moja, za kuwauliza maoni wagonjwa wa sonona, yaani ugonjwa wa huzuni nzito isiyoisha (depression). Zina maswali matano, visanduku vya kuweka tiki, na chini kabisa nafasi ya "maoni mengine". Wagonjwa 30 wamejaza. Karibu wote wameandika "huduma nzuri, Mungu awabariki". Kisha muuguzi ananiuliza, "Sasa hapa nimejifunza nini?"

Hujajifunza kitu, na kosa si la mgonjwa. Jumanne ijayo atarudi kwenye dirisha lilelile kuchukua dawa, kwako wewe. Hawezi kukuandikia kwamba uliita jina lake kwa sauti mpaka korido nzima ikageuka. Tena sonona yenyewe humnong'oneza kwamba lolote baya lililompata alilistahili. Mgonjwa wa malaria akichelewa kuhudumiwa hulalamika. Wa sonona huona amewasumbua.

Mwongozo huu ni wa muuguzi wa kliniki au wodi, hospitali ya wilaya au kituo cha afya, mwenye zamu nzito na asiye na bajeti. Utakuchukua wiki sita hadi nane. Usiruke hatua ya kwanza; wengi walioshindwa walishindwia hapo.

## Unachohitaji kabla ya kuanza

- Ruhusa ya muuguzi mfawidhi na mganga mfawidhi, kwa maandishi. Ukikusudia kuchapisha au kwenda nayo kwenye kongamano, huo tayari ni utafiti: kibali cha maadili kinatangulia mazungumzo na mgonjwa wa kwanza. Tanzania utaanzia NIMR (Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu) au kamati ya taasisi yako. Kenya ni kamati ya maadili pamoja na kibali cha NACOSTI, tume ya taifa ya sayansi na teknolojia.
- Chumba chenye mlango unaofungika. Pazia halitoshi. Kama hakuna, omba ofisi ya ustawi wa jamii mchana wanapokwenda kula.
- Muuguzi mwenzako mmoja, ambaye mtabadilishana wagonjwa: wewe unamsikiliza aliyehudumiwa na yeye, naye anamsikiliza wako.
- Kaunta buku moja, linalofungiwa kabatini. Ndani yake hakuna majina, ni namba tu. Tanzania ina sheria ya ulinzi wa taarifa binafsi ya mwaka 2022 na Kenya ya 2019. Habari za afya ya mtu ni miongoni mwa zile za kulindwa zaidi.
- Fomu ya PHQ-9 ya Kiswahili, ile ya maswali ya kupima uzito wa sonona.
- Namba ya daktari wa zamu na ya afisa ustawi wa jamii, zimebandikwa ndani ya jalada la daftari.
- Karatasi za manila, maka peni za rangi mbili, na maji ya kunywa. Maji si mapambo: anayetumia amitriptilini, mojawapo ya dawa za sonona, hukauka mdomo, na mtu aliyekauka mdomo husimulia kwa ufupi.

Kinasa sauti sikushauri. Mgonjwa akikiona simu juu ya meza anaanza kuzungumza kama yuko redioni.

## Hatua ya 1: Chagua kipande kimoja cha safari ya mgonjwa

"Huduma ya sonona" ni kubwa mno. Ukiuliza kuhusu yote utajibiwa kwa jumla. Chagua kipande: siku ya kwanza kliniki, dirisha la dawa, usiku wodini, au kuanzia kuruhusiwa hadi kurudi.

Kama huna uhakika uanzie wapi, chukua wiki nne za kwanza za dawa. Sababu ni hii: dawa za sonona kama fluoksetini na amitriptilini huchukua wiki mbili hadi nne, wakati mwingine zaidi, kabla moyo haujaanza kupata nafuu. Madhara madogomadogo hayasubiri. Kichefuchefu, usingizi au kukosa usingizi, kukauka mdomo huja ndani ya siku chache. Kwa hiyo kuna kipindi mgonjwa anapata tabu ya dawa bila faida yake. Hapo ndipo wengi hupotea kwenye daftari la kliniki, na hapo ndipo neno la muuguzi lina uzito kuliko kidonge.

Kabla hujamuuliza mtu, itembee njia hiyo mwenyewe. Anzia getini, si ofisini. Kaa kwenye benchi lao, tazama kinachoonekana kutoka pale, sikiliza kinachosikika kupitia mlango wa daktari. Nimewahi kukaa kwenye benchi la namna hiyo katika kituo ambacho sitakitaja, nikasikia historia nzima ya mgonjwa aliyekuwa ndani. Tulikuwa tukijiuliza kwa nini watu wa pale hawafunguki.

Utajua umefaulu ukiweza kuandika kipande chako kwa sentensi moja: "Tangu mgonjwa anapopewa dawa mara ya kwanza hadi anaporudi tarehe ya kwanza."

## Hatua ya 2: Tafuta watu sita hadi nane, wakiwemo waliokukimbia

Usichague wanaokuchangamkia. Fungua daftari la kliniki, tafuta waliokosa tarehe zao. Watu wawili walioacha kuja watakufundisha kuliko kumi wanaokuja kila mwezi. Changanya: mwanaume angalau wawili (wao huja wakisema "mgongo" au "presha"), mama aliyetoka kliniki ya mama na mtoto, kijana, na ndugu mmoja anayemuuguza mtu nyumbani.

Onyo kuhusu simu. Simu nyingi zinatumiwa na nyumba nzima. Usimwambie aliyepokea kwamba unapiga kutoka kliniki ya akili. Jitaje kwa jina, muulize mtu wako, na akiwa hayupo sema utapiga tena.

Onyo kuhusu hali ya mgonjwa. Siku ya mazungumzo, pitieni kwanza PHQ-9. Ni maswali 9 kuhusu wiki 2 zilizopita, jumla yake 0 hadi 27. 10 na kuendelea ni sonona ya kushughulikiwa, 20 na kuendelea ni kali. Akifikisha 20 au zaidi, au akijibu chochote zaidi ya "hapana kabisa" kwenye swali la 9 linalohusu kufa au kujidhuru, siku hiyo hakuna kujifunza. Siku hiyo ni ya kumhudumia.

## Hatua ya 3: Omba ridhaa kwa namna anayoweza kukataa

Ukimwomba akiwa dirishani na dawa ziko mkononi mwako, hawezi kukataa. Mwombe baada ya kuhudumiwa, akiwa ameshashika kila kitu chake. Maneno yangu huwa hivi:

"Shikamoo mama. Tunataka kujifunza kutoka kwenu namna tunavyowahudumia, mazuri na mabaya. Ukikubali, tutakaa kama dakika arobaini. Ukikataa, dawa zako na tarehe yako viko palepale, wala sitauliza sababu. Nitakayoyaandika hayatakuwa na jina lako. Kitu kimoja tu sitakaa nacho peke yangu: ukiniambia unataka kujidhuru, nitamwita daktari, na nitakwambia kabla sijamwita."

Sentensi ya mwisho ndiyo wauguzi huogopa kuisema, wakidhani itamfunga mdomo. Iseme. Kifungu cha 217 cha Kanuni ya Adhabu ya Tanzania kinataja kujaribu kujiua kuwa kosa, na wagonjwa wanalijua hilo kuliko unavyofikiri. Kenya, Mahakama Kuu ilitamka Januari 2025 kwamba kifungu cha 226, kilichokuwa kikisema vivyo hivyo, kinapingana na Katiba. Lakini hofu haiondoki siku hukumu inaposomwa. Mgonjwa anataka kujua kama unamwita daktari au polisi. Mwambie waziwazi.

Anayeamkiwa kwa "shikamoo" huku amezoea kuitwa "wewe mwenye kadi ya bluu" tayari ameshakupa kisa cha kwanza: angalia uso wake.

## Hatua ya 4: Uliza kisa

Hii ndiyo hatua yenyewe. Nimeona watu wakifanya zote nyingine vizuri na hii wakaigeuza kuwa usaili wa polisi.

Fungua kwa swali moja: "Nisimulie siku ile ulipokuja mara ya kwanza, tangu ulipotoka nyumbani." Kisha kazi yako ni "halafu?" na "ulikuwa umekaa wapi?" na "alikwambiaje, kwa maneno yake?" Usiulize "ulijisikiaje" mapema, mtu mwenye sonona mara nyingi hana jina la anachojisikia. Ana mahali, ana saa, ana mtu aliyesema kitu. Uliza hivyo.

Tumia maneno yake. Wengi hawalijui neno sonona. Watasema mawazo mengi, moyo mzito, kichwa kimejaa, mwili umekufa. Kenya utasikia unyogovu au mfadhaiko, na kijana atasema stresi. Lolote analosema, liandike hivyohivyo. Ukiandika "alieleza dalili za kushuka kwa hisia" umefuta kisa ukabaki na faili.

Vumilia ukimya. Sonona hupunguza mwendo wa kufikiri na wa kusema. Jibu linaweza kuchukua pumzi kumi. Muuguzi aliyezoea foleni ya watu arobaini hujaza ukimya huo kwa swali jingine, na jibu lililokuwa njiani hurudi lilikotoka. Hesabu pumzi zako.

Usijitetee. Tazama mfano huu, nilioutunga kwa kuchanganya visa ili asitambulike mtu:

— Ile dawa ilinilaza, sista. Niliacha.
— Lakini si tulikueleza kwamba usingizi ni kawaida?
— Ndiyo, mlinieleza.

Kisa kimekufa. Sasa ujaribu hivi:

— Ile dawa ilinilaza, sista. Niliacha.
— Ilikulaza vipi? Nisimulie siku moja.
— Mimi nauza vitumbua. Naamka saa tisa usiku. Nikimeza saa nne kama mlivyosema, hiyo saa tisa sisikii hata alamu. Siku tatu sikuuza. Baba watoto akaniuliza, dawa ya kukutibu ndiyo inatulaza njaa?

Angalia ulichopata. Hakuacha dawa kwa ukaidi, wala si kwa kutoelewa. Maelekezo ya "meza usiku" yalitungwa kwa mtu anayeamka saa kumi na mbili. Amitriptilini inaweza kumezwa mapema jioni ili uzito wake upungue kabla ya alfajiri, daktari akikubali. Swali moja, "unaamka saa ngapi?", lingezuia yote haya, na halikuwepo popote kwenye fomu zetu.

Onyo: kifo kikiingia kwenye mazungumzo. Mgonjwa akisema "nilichoka na haya maisha", usipite kama hukusikia. Uliza moja kwa moja, kwa sauti ileile: "Umefika mahali ukawaza kufa? Umewaza namna ya kujiua? Hicho kitu unacho nyumbani?" Kuuliza hakumpandikizii wazo, mara nyingi humpa nafasi ya kupumua. Jibu likiwa ndiyo, mazungumzo ya kujifunza yameishia hapo. Usimwache peke yake, mwite daktari kama ulivyomwahidi, na panga naye ni ndugu gani ataondoa sumu ya wadudu au dawa zilizolimbikwa nyumbani.

Utajua umefaulu ukitoka na matukio mawili au zaidi yenye mahali, saa na maneno yaliyosemwa. Ukitoka na "waboreshe lugha", rudi ukaulize: lugha ipi, ya nani, ilisemwaje?

## Hatua ya 5: Bandika visa ukutani, mkiwa na wagonjwa

Chora mstari mrefu kwenye manila, kuanzia getini hadi nyumbani. Kila tukio lipate kikaratasi mahali pake: juu ya mstari palipotuliza, chini palipochoma. Alika wagonjwa wawili au watatu waliokubali, waweke wenyewe. Wauguzi tukiachwa peke yetu hupandisha vikaratasi juu.

Yapo yanayojirudia karibu kila nilipofanya zoezi hili. Jina kuitwa kwa sauti. Ndugu kuulizwa "anaendeleaje?" wakati mwenyewe amekaa hapohapo. "Jikaze." "Una mume, una watoto, unalilia nini?" Na lile la imani, ambalo linahitaji uangalifu: wagonjwa wengi husali, na wengine walifurahi muuguzi alipowaombea. Kilichowachoma ni kuambiwa kwamba ugonjwa wao ni upungufu wa imani.

Usipuuze vya juu ya mstari. Mahali fulani ni mhudumu wa usafi aliyemsogezea mama kiti bila kuulizwa. Yule mama alilitaja tukio hilo kabla ya kumtaja daktari.

Onyo: futa majina ya wahudumu kwenye vikaratasi. Zoezi likigeuka mahakama ya sista mmoja, hutapata ushirikiano wa wodi tena.

## Hatua ya 6: Badilisha kitu kimoja kilicho mikononi mwako

Gawa yote kwenye safu tatu: ninachoweza mimi kesho, kinachohitaji mfawidhi, kinachohitaji wizara. Dawa kukosekana bohari ni ya tatu. Iripoti, usiifanye mradi wako. Chukua kimoja cha safu ya kwanza. Kama kituo chenu kina timu ya 5S, ile mbinu ya kupanga na kuboresha mahali pa kazi (Sasambua, Seti, Safisha, Sanifisha, Shikilia), peleka huko: wana kikao tayari na ubao tayari.

Kwa kisa cha vitumbua, badiliko lilikuwa maswali matatu kabla ya kumkabidhi mtu dawa ya kwanza:

1. Unaamka saa ngapi, na kazi yako inadai nini?
2. Nani nyumbani anajua unatumia dawa hii?
3. Ukijisikia vibaya kabla ya tarehe yako, utafanya nini?

Ongeza sentensi moja, neno kwa neno kila mara: "Siku za mwanzo dawa inaweza kukusumbua kabla haijakusaidia, usiache bila kutuambia." Jumla ni dakika tatu.

Jaribu kwa wagonjwa watano, wiki mbili. Kabla ya kuanza, hesabu kwenye daftari wangapi kati ya kumi wa mwisho walirudi tarehe yao ya kwanza. Baada ya hapo hesabu tena. Watu watano hawathibitishi kitu. Wanakuonyesha tu kama maswali yanaulizika kwenye foleni ya kweli. Ukiona swali la pili linawakera, libadilishe ujaribu tena.

Onyo mbili. Kwanza, dozi na saa ya dawa ni za daktari. Wewe peleka kisa kwake, usibadilishe dirishani. Pili, wagonjwa wengi watakuomba dawa za miezi miwili au mitatu kwa sababu ya nauli. Wana haki ya kuomba. Lakini amitriptilini ikimezwa nyingi kwa pamoja huua kwa kuvuruga moyo, na mtu mwenye hatari ya kujidhuru hapewi mzigo wa namna hiyo. Hapa kisa kimoja kinagombana na kingine. Tulichofanya ni kumwomba daktari aandike kiasi kidogo, na mgonjwa achague mwenyewe ndugu wa kuzitunza. Nauli haikuisha. Niliwaambia hivyo.

Utajua umefaulu mwenzako wa zamu nyingine akiyauliza maswali hayo wakati wewe uko likizo.

## Hatua ya 7: Mrudishie mwenye kisa

Ndiyo hatua inayosahaulika kuliko zote. Mama wa vitumbua akija, mwambie: "Ulichotusimulia kimebadilisha namna tunavyotoa dawa. Sasa tunauliza saa ya kuamka." Usimpe cheti wala usimpige picha. Mtu ambaye kwa miezi amejiona mzigo anasikia kwamba neno lake limefanya kazi. Sisemi ni tiba. Nasema wengi hukaa kimya kidogo, halafu husimulia jambo ambalo mara ya kwanza walilificha.

Kisha liandike badiliko kwenye kitabu cha ripoti ya zamu, na lisomwe wakati wa kukabidhiana. Wauguzi tunazungushwa wodi. Kilicho kichwani mwako kitaondoka nawe.

## Ukikwama

"Wote wanasema hawana la kusema." Huenda umevaa sare na umekaa nyuma ya meza. Toa meza. Au anza na ndugu, kisha mgonjwa.

"Mfawidhi anaogopa kituo kuchafuliwa jina." Mpelekee badiliko moja dogo lililofanya kazi, usimpelekee malalamiko tisa.

"Visa vinanielemea, nalala navyo." Usisikilize zaidi ya kimoja kwa siku. Mwenzako mliyebadilishana wagonjwa ndiye mtu wa kumsimulia, kabla hujatoka zamu. Ikipita wiki mbili hulali, hutamani kazi, jijazie PHQ-9 na wewe, kisha uende ukamwone mtu.

"Kisa kinanihusu mimi. Ni mimi niliyemwambia ajikaze." Kiandike kwenye kaunta buku kwa maneno yaleyale aliyoyatumia, usiongeze maelezo ya zamu ilikuwaje siku hiyo. Mpe mwenzako akisome. Kikaratasi chake kiende chini ya mstari kama vingine.